Nani Anasema "Twende"? Bagamoyo hadi Tanga kwa njia ya pwani

Alhamisi, Bagamoyo

Kutoka Bagamoyo kwenda Tanga kuna njia mbili. Mwenye haraka hupita Msata, akashika barabara kuu mpaka Segera, akateremkia Muheza. Njia ya pili inafuata pwani: Makurunge, mto Wami, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, Mkwaja, kivuko cha Pangani. Tunakwenda harusini na siku zipo, kwa hiyo tumeshika ya pwani. Mjomba yuko mbele na dereva. Nyuma tuko mkaza mjomba, binti yao mwenye mtoto mchanga, mimi na mizigo.

Nafundisha baiolojia sekondari, na kuna swali ambalo vitabu vyetu vya kiada havilishiki hata kwa ncha ya kidole: kundi la wanyama linapoondoka mahali, nani anaamua kwamba sasa tunakwenda, na tunakwenda huku? Njia ya Saadani ina wanyama wa kutosha kulifikiria swali hilo, nami nimebeba daftari.

Tumeanzia soko la samaki. Dagaa walikuwa wameanikwa, na mvuvi mmoja mtu mzima alikuwa anashona wavu. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, mbalamwezi ikitoka mashua zinapumzika, maana taa haina nguvu mbele ya mwezi. Nilimuuliza samaki wakikusanyika chini ya taa anawaonaje.

"Wanazunguka pamoja, dada. Akigeuka mmoja wamegeuka wote, hujui nani kaanza."

Mjomba akadakia: "Lazima yuko mmoja. Manahodha wengi chombo huenda mrama."

Methali ya kweli kwa chombo. Kwa dagaa haisimami, kwa kuwa pale nahodha hayupo kabisa. Kila samaki anawaangalia wenzake wa karibu kwa macho, na mstari wa hisi ulio ubavuni mwake unapokea mtikisiko wa maji mwenzake anapogeuka. Mwaka 1986 Craig Reynolds, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alitunga programu ya ndege wa kuchora na kumpa kila mmoja kanuni tatu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea, usiachwe nyuma. Kundi zima likaruka kama kundi la kweli bila kiongozi kuandikwa popote. Mwaka 2008 watafiti waliowapiga picha ndege kwezi juu ya jiji la Roma walionyesha kwamba kila ndege anafuatana na majirani sita au saba, wawe karibu wawe mbali. Maelfu yote yaliyobaki hayamhusu.

Linalonivutia zaidi lakini ni jaribio la samaki wadogo wa maji baridi lililotolewa mwaka 2011 na mtafiti Iain Couzin na wenzake. Waliwafundisha samaki wachache kwenda kwenye alama ya njano, na wengine, walio wengi kidogo, kwenda kwenye alama ya buluu. Samaki wale kwa asili wanapenda njano, kwa hiyo wachache walikuwa wabishi kweli kweli. Wakiwekwa pamoja, wabishi wachache walishinda mara nyingi. Kisha watafiti wakaongeza samaki wasiofundishwa chochote, wasio na upande. Ushindi ukahamia kwa walio wengi.

Nimelirudia mara mbili kwa Mjomba maana hakuliamini. Tumezoea kumlaumu asiye na msimamo kwamba ndiye anayeburuzwa na mwenye sauti kubwa. Kwa samaki hao, asiye na msimamo ndiye aliyemnyima mbishi ushindi, kwa sababu yeye hufuata idadi tu, hajali nani anavuta kwa nguvu.

"Hao ni samaki," akasema Mjomba, akaenda kununua pweza.

Ijumaa, Bagamoyo hadi Saadani

Tulipanga kuondoka asubuhi. Mtoto alikuwa na homa ya meno, kisha sala ya Ijumaa ikawa karibu, basi tukaondoka baada ya sala. Hakuna aliyetangaza. Mkaza mjomba alibeba kikapu akakiweka garini, binti yake akafunga mbeleko, dereva akawasha gari, na Mjomba aliyekuwa bado anaongea na watu kwenye baraza ya msikiti akajikuta anaitwa.

Njia baada ya Makurunge ilikuwa ya vumbi. Wami ulikuwa umetulia, viboko wawili watatu wakionekana masikio tu. Ukivuka mto mandhari inabadilika: nyika ya nyasi, mikoche imesimama mmoja mmoja, na upepo una harufu ya bahari. Saadani ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na watu husema hapa ndipo nyika inapokutana na Bahari ya Hindi. Tangazo la utalii, ndiyo, lakini ni la kweli.

Alasiri tulikuta nyati wamelala. Dereva akazima gari. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hii, maana utafiti mkubwa kuhusu nyati na uamuzi umefanyika hapa hapa Tanzania, Ziwa Manyara, na aliyeufanya ni Mholanzi, Herbert Prins. Aliona jambo ambalo mtu mwingine angedhani ni mnyama kujinyoosha. Kundi likiwa limepumzika mchana, majike wanasimama mmoja baada ya mwingine. Kila jike anaelekeza uso upande fulani, anatulia hivyo kama dakika moja, halafu analala tena. Jua likikaribia kuzama kundi lote linainuka na kuondoka kwa pamoja. Prins alipima pande walizotazama majike, akachukua wastani wake, akaulinganisha na upande kundi lilikokwenda. Tofauti ilikuwa kama nyuzi 3 tu, kiasi ambacho hata kupima kwa jicho kunaweza kukosea.

Madume hawahesabiwi. Dume anaweza kusimama, akatazama anakotaka, kundi lisimsikilize. Na siku majike wanapotofautiana sana, kundi halipigani wala halingoji: linagawanyika, kila sehemu inakwenda kulisha kwake kwa usiku huo.

"Kwa nini majike tu?" akauliza binti wa Mjomba, mtoto kwenye ziwa.

Jibu langu ni hili, na yeye ndiye aliyeonekana kulielewa haraka kuliko wote: mwenye kunyonyesha ana njaa na kiu ya watu wawili. Akikosea mahali pa kwenda, hasara yake ni kubwa kuliko ya dume. Kwa punda milia wa Ol Pejeta, Kenya, utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha majike wanaonyonyesha ndio wanaoanzisha safari mara nyingi zaidi kuliko wasionyonyesha, kwa kuwa ndio wenye haja ya maji.

Wale nyati wetu walituangusha. Majike watatu walisimama, niliandika pande zao, kisha lori likapita na kundi zima likakimbilia vichakani kinyume cha pande zote tatu. Hofu haipigi kura.

Jumamosi, Saadani

Tulilala kijijini Saadani, karibu na magofu ya boma la Wajerumani. Alfajiri askari wa hifadhi alitupeleka kwenye miti wanayolala nyani. Nyani wa pwani ni wa rangi ya manjano, wembamba wa miguu, na asubuhi hawana haraka. Walishuka, wakakaa juani, wakachambuana manyoya. Watoto walivutana mikia. Dume mmoja mkubwa alikaa peke yake juu ya gogo kama mwenye mali.

"Afande, yule ndiye anayewaongoza?" Mjomba akauliza.

"Yule anaongoza kula, mzee. Kuondoka ni mambo mengine."

Askari hakuwa amesoma karatasi yoyote ya kisayansi juu ya hilo, amewaangalia nyani tu, na jibu lake linaendana na lililopatikana kwa satelaiti. Mwaka 2012, katika Kituo cha Utafiti cha Mpala, Laikipia, watafiti akina Ariana Strandburg-Peshkin, Damien Farine, Couzin yule yule wa samaki na Margaret Crofoot waliwavisha nyani 25 wa kundi moja kola zenye GPS. Kola iliandika mahali mnyama alipo kila sekunde, kutwa nzima. Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwaka 2015.

Walichokiona kilikuwa mvutano wa hatua ndogo ndogo. Nyani mmoja anajitoa hatua kadhaa upande anaoutaka. Mwenzake ama anamfuata, ama anabaki palepale mpaka yule aliyetoka anarudi. Ukihesabu mivutano hiyo kwa maelfu, unapata utaratibu. Wawili wakitoka pande zinazokaribiana, pembe kati yao ikiwa chini ya nyuzi 90 hivi, wenzao wanapita katikati, wanawaridhisha wote nusu nusu. Pembe ikiwa kubwa zaidi, katikati haifai tena, kwa hiyo wanachagua upande mmoja, na kwa kawaida ni ule wenye watangulizi wengi. Watangulizi wakilingana, kundi linakawia kuondoka. Dume mkuu hakufuatwa zaidi ya mwingine yeyote. Ukubwa wake ulimpa chakula na majike, haukumpa njia.

Nilitaka kuyaona haya kwa macho. Jike mmoja alikwenda kuelekea ufukweni, akafika kwenye kichaka, akaketi. Hakuna aliyemfuata. Akajikuna, akatazama nyuma, akarudi. Mwingine mwenye mtoto mgongoni akaenda upande wa mashamba ya chumvi, wawili wakainuka, kisha watano, kisha wote wakawa njiani na yule dume wa kwenye gogo akawa karibu wa mwisho. Binti wa Mjomba alicheka mpaka mtoto akaamka.

Nisiwafanye nyani kuwa bunge lakini. Kule Namibia, mwaka 2008, Andrew King na wenzake waliwawekea nyani wa jangwani rundo la chakula mahali pamoja, dogo kiasi kwamba mwenye nguvu angeweza kulizuia. Pale dume mkuu aliongoza kila siku, na kundi likamfuata ingawa wengi walirudi na njaa. Waliomfuata kwa karibu zaidi walikuwa wale anaochambuana nao manyoya. Kwa hiyo mnyama yule yule anakata shauri namna tofauti, kutegemea riziki imetawanyika au imelundikwa. Nimeliwekea mstari neno hili kwenye daftari, sioni kama nyani ndio wanaohusika peke yao.

Ndovu hatukuwaona, ila nyayo na kinyesi. Wa Saadani ni waoga, hujificha mchana. Kwao hadithi ni ya upande mwingine kabisa, maana bibi wa familia ana uzito. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Tarangire. Koo za ndovu zilizotoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho mbali zilipoteza watoto wachache kuliko ukoo uliobaki. Charles Foley na wenzake, walioyaandika haya mwaka 2008, waliona kwamba ukoo uliobaki ulikuwa umewapoteza majike wake wazee kwa ujangili. Ukame mwingine kama ule ulikuwa umetokea miaka ya 1958 hadi 1961, na katika ukoo ule hakubaki wa umri wa kuukumbuka. Jangili alichukua meno, ramani ikaenda pamoja nayo.

Jumapili, Mkwaja hadi Pangani

Siku ya nyuki. Karibu na Mkwaja, nje ya hifadhi, kuna mzee anayefuga. Mizinga yake ni ya magogo, ameitundika mikoroshoni na mikwajuni, na hanunui nyuki. Anautundika mtupu, anangoja.

"Wanakuja kukagua kwanza," alituambia. "Wawili, watatu. Wanaingia, wanatoka, wanazunguka nje. Wakipendezwa, baada ya siku mbili unasikia mvumo mkubwa, wamehamia. Wasipopendezwa utangoja mpaka mwakani."

Mjomba alijaribu tena: "Malkia ndiye anayewatuma."

"Malkia!" Mzee alicheka sana. "Malkia anabebwa tu, bwana. Yeye ni wa kutaga."

Mambo ya kukagua yalianza kueleweka baada ya mwaka 1949, jijini Munich. Martin Lindauer, mwanafunzi wa Karl von Frisch, alikuta kundi la nyuki limening'inia kichakani, na baadhi ya nyuki wakicheza juu ya migongo ya wenzao. Von Frisch alikwisha kuonyesha kwamba uchezaji wa nyuki unaeleza mahali: pembe ya mwendo inaeleza upande kulingana na jua, na muda wa kutikisa kiwiliwili unaeleza umbali. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Lakini wachezaji hawa walikuwa wachafu, mmoja ana masizi, mwingine vumbi jekundu la matofali. Wanaotoka kwenye maua hupakaa chavua. Lindauer akatambua kwamba hawa wametoka kukagua nyumba: mabomba ya moshi, mashimo ya kuta zilizobomolewa na vita.

Thomas Seeley wa Marekani aliendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, na alichokipata kinashangaza kwa usafi wake. Mzinga ukigawanyika na kundi likahama, wakaguzi ni mia chache tu kati ya maelfu. Kila mmoja anarudi na habari ya shimo lake na kulichezea. Shimo zuri huchezewa mizunguko mingi, baya michache. Anayesikia habari haikubali bure, anakwenda kukagua mwenyewe kabla ya kucheza. Na kila mkaguzi, hata aliyepata jumba, akirudi safari ya pili anacheza kidogo kuliko ya kwanza, ya tatu kidogo zaidi, mwishowe ananyamaza. Kwa hiyo habari ya shimo baya inakufa mapema bila mtu kushindwa mjadala. Wapo pia wanaowagonga kichwa wachezaji wa shimo pinzani, kwa mlio mfupi, wawanyamazishe.

Mwisho wa yote hauamuliwi pale penye ngoma. Unaamuliwa kule shimoni. Wakaguzi wakikutana pale kama ishirini au thelathini kwa wakati mmoja, hiyo ni akidi. Wanarudi, wanapita katikati ya wenzao wakitoa mlio mwembamba, kila nyuki anatetemesha misuli ya mabawa mpaka joto linafika nyuzi 35 hivi, kisha kundi zima linaruka. Malkia akidondoka njiani wanarudi kumtafuta. Hilo ndilo fungu lake katika uamuzi: bila yeye hakuna safari, lakini njia haichagui.

Nilimweleza mzee. Alisikiliza kwa adabu, akasema nyuki wa huku hawangoji kugawanyika ndipo wahame, ukiwasumbua sana au maua yakikauka wanaondoka wote na kukuachia mzinga mtupu. Kweli, nyuki wa Afrika wanajulikana kwa hilo kuliko wa Ulaya. Tulinunua asali chupa mbili.

Pangani tulifika kivuko kikiwa ng'ambo. Upande wa Bweni bodaboda walikuwa wamejipanga, mama lishe wanauza mihogo na samaki wa kukaanga, kila mtu anatazama maji. Kivuko kilipogusa ukingo walianza kusukumana kabla mlango haujashuka. Hapo sikuandika kitu.

Jumatatu, Tanga

Njia kutoka Pangani inapita mikonge na minazi. Tanga nyumba ya harusi imejaa, sufuria za pilau zimeshapangwa uani. Mjomba, ambaye safari nzima alikuwa anabisha, jioni barazani aliwasimulia wakwe habari ya nyati wa Manyara neno kwa neno, na madume akawatoa kwenye hesabu kwa sauti kubwa. Wanaume wenzake hawakufurahi.

Mmoja wa wenyeji aliwahi kufanya kazi Mkomazi, ambako mbwa mwitu wamekuwa wakizalishwa kwenye uzio na kurudishwa porini. Akauliza kama mbwa nao wamechunguzwa. Wamechunguzwa, Botswana, katika eneo la Okavango, na karatasi yake ilitoka mwaka 2017. Mbwa mwitu wakiamka wanafanya mkutano: wanasalimiana, wanarukarukiana, halafu ama wanakwenda kuwinda ama wanalala tena. Watafiti waliona kwamba kabla ya kuondoka wanapiga chafya, na kadiri chafya zinavyokuwa nyingi ndivyo safari inavyokuwa ya hakika. Mkutano ukianzishwa na mkubwa wa kundi, chafya kama tatu zinatosha. Ukianzishwa na mdogo zinahitajika kama kumi. Mdogo ana haki ya kutoa hoja, ila hoja yake inadaiwa wadhamini wengi zaidi.

Yule mwenyeji alisema chafya hizo anazijua vizuri, alidhani ni vumbi.

"Na mwenye mafua je?" akauliza mkaza mjomba kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Si atawapeleka porini usiku kucha?"

Baraza zima likacheka, lakini amegusa penyewe. Watafiti wale wale waliacha wazi kama chafya ni ya makusudi, au ni mbwa anayesafisha pua kwa kuwa ameshajiandaa kukimbia. Ikiwa ni ya pili, wenzake wanahesabu walio tayari bila yeyote kukusudia kusema lolote.